Feni Isiyozima

Hapa Metuge wengi mnanijua kwa kazi ya kuchaji simu. Nina paneli moja ya sola, betri ya gari, na meza ambayo mguu wake mmoja ni tofali. Simu zikiwa zinachaji natengeneza redio, tochi, na zile feni ndogo za sola. Anayeniletea feni huja na lalamiko moja tu: haizunguki. Nimeanza ufundi Mtwara nikiwa kijana, nikaenda kufungua kibanda kwetu Quiterajo, sasa niko hapa, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuletewa feni ambayo ugonjwa wake ni kuzunguka. Ya kwanza ilikuja Januari 2025. Na haikuletwa, maana ilikuwa Winnipeg, Kanada, chini ya nyumba anayoishi mdogo wangu.

Mdogo wangu ni mzaliwa wa Quiterajo kama mimi, pwani ya Macomia, karibu na mahali mto Messalo unapoingia baharini. Aliolewa na Mkongomani wa Uvira aliyekuwa akija kwetu kununua samaki wakavu na kuwapeleka Nampula, na kumbe mwenzetu alikuwa mkimbizi wa kambi ya Maratane. Vita vilipotufikia mwaka 2020 kila mtu alikimbia kwa njia yake. Mimi na mama tulipanda mashua, tukalala visiwani, na mwishowe tukashuka Paquitequete, pale Pemba, tukiwa pamoja na maelfu ya wengine waliokuwa wakishushwa ufukweni mwezi ule wa Oktoba. Yeye alimfuata mumewe Maratane. Baadaye kundi la watu wa Kanada likawadhamini, wakaondoka na watoto wawili. Basi ndiyo maana nina mgonjwa Winnipeg.

Ujumbe wa sauti wa kwanza uliingia saa moja asubuhi. Kule kwao ilikuwa saa tano usiku wa jana yake, maana tunawatangulia kwa saa nane wakati wao wako kwenye baridi. Alikuwa ananong'ona.

“Kaka, shikamoo. Samahani nakusumbua. Hii mashine ya joto huku chini haizimi. Tangu jana mchana inapuliza tu. Inapuliza baridi, kaka. Nje ni digrii 28 chini ya sifuri. Mtoto anakohoa. Shemeji yako yuko kazini zamu ya usiku. Naogopa kuizima, naogopa kuiacha.”

Nyuma ya sauti yake niliisikia. Uuuuu, mfululizo, kama injini ya mashua iliyo mbali.

Hapa lazima nieleze mashine yenyewe, kwa sababu hata mimi nililazimika kuuliza kwanza. Nyumba za kule zina tanuri. Tusifikirie tanuri la mikate. Ni kabati la bati, refu kama mtu, linakaa kwenye chumba cha chini ya ardhi. Ndani yake gesi inawaka. Moto haugusani na hewa mnayovuta: unapita ndani ya mabomba yaliyofungwa, moshi wake unatolewa nje, na yale mabomba yanapata joto. Halafu kuna feni kubwa ya duara, mfano wa pipa lenye mapanga, inayovuta hewa ya nyumbani, inaipitisha juu ya mabomba yale ya moto, na kuisukuma vyumbani kupitia njia za bati zilizojificha sakafuni. Ukutani kuna kidude kinaitwa themostati. Unakiambia unataka digrii 20. Nyumba ikipoa kinaagiza moto, nyumba ikifika kinakata. Feni kuendelea dakika mbili tatu baada ya moto kuzima ni kawaida, inamalizia joto lililobaki kwenye mabomba. Lakini kuendelea tangu jana mchana, hapana.

Fundi aliyenifunza Mtwara, Mungu amrehemu, alikuwa na kanuni yake: usiifungue mashine kabla hujaiuliza. Kijana akikimbilia bisibisi alikuwa anampiga kidole. Mashine isiyowaka haina la kukujibu, lakini inayozunguka bado inatii amri ya mtu. Swali ni nani kaamuru.

Kabla ya swali hilo niliuliza lingine. “Mdogo wangu, unasikia harufu yoyote ya gesi, kama yai bovu? Na kile kidude cha dari cha kutahadharisha hewa yenye sumu, kimelia?” Akasema hakuna harufu na hakijalia. Nikamwambia ukisikia kimoja kati ya hivyo viwili, usiguse hata swichi ya taa, funika watoto mablanketi, tokeni nje, piga simu mkiwa nje. Akasema, “Nje kaka? Kwa baridi hii?” Nikamwambia ndiyo, nje, kwa jirani. Gesi ya kupikia wanaitia harufu makusudi ili watu waisikie. Ile ya pili, inayotokana na moto usiopata hewa ya kutosha, haina harufu kabisa, na ndiyo hiyohiyo inayotoka kwenye jiko la mkaa mnaloingiza ndani ya hema usiku wa mvua. Mimi jiko nalitoa nje hata mama akigomba.

Tukaanza na ukuta. Kwenye themostati kuna kiswichi cha feni chenye sehemu mbili: ya kwanza imeandikwa AUTO, yaani feni ijiendeshe kufuatana na moto, ya pili ON, yaani zunguka tu saa zote. Watoto hupenda kubonyeza, na nusu ya feni zisizozima duniani, nadhani, zinatibiwa hapo. Akanitumia picha. Ilikuwa AUTO. Nikasema kibandue hicho kidude ukutani, vingi vinatoka kwa kuvutwa taratibu, kinabaki kibao chenye nyaya. Kikitoka, amri zote za ukutani zimekatika. Feni ikisimama, mgonjwa ni themostati. Ikiendelea, amri inatoka chini kwenyewe.

Hapo bando langu likaisha.

Wafanyakazi wa mashirika mtanisamehe kwa jambo hili dogo, ila linahusu. Wiki zile zilikuwa baada ya kimbunga Chido, kilichopiga Mecúfi tarehe 15 Desemba 2024 na kutupitia na sisi Metuge. Hema la jirani yangu liliondoka zima, na mabati ya watu tulikuwa tunayaokota mashambani. Paneli yangu ilipona kwa sababu niliishusha usiku na kuilaza chini ya kitanda cha mama, naye mama akalala juu yake akisema kama ni kufa afe na mali. Kwa hiyo nilikuwa na umeme kuliko wengi, na foleni ya simu ilikuwa ndefu, lakini pesa watu hawakuwa nayo, na mtu anayechaji kwa mkopo hakupi bando. Nilimwomba mteja mmoja anirushie mtandao wa simu yake. Akakubali kwa sharti asikilize na yeye. Ikawa hivyo. Kufika saa tatu tulikuwa watu sita tumezunguka meza tunasikiliza feni ya Winnipeg.

Jibu likaja: kimetoka ukutani, na bado inazunguka.

Wale sita wakaanza kutoa maoni. Mmoja akasema mota imeungua. Mota iliyoungua inazungukaje? Mwingine akasema wamkate mtu wa umeme. Mimi nilikuwa nawaza friza.

Quiterajo nilikuwa na mteja mwanamke, muuza samaki, mwenye friza la barafu lililoendeshwa na jenereta. Siku moja akaniita: linanguruma usiku kucha, halizimi, na barafu haigandi. Jenereta linakunywa petroli, faida yote inaishia kwenye tangi. Fundi aliyemtangulia alishamwambia gesi imeisha, anunue kompresa mpya. Nilipolivuta friza kutoka ukutani nikakuta nyuma, kwenye zile nyavu za kutolea joto, pameziba kwa vumbi, magamba ya samaki na mafuta, na juu yake mwenye mali alikuwa ameanika magunia. Joto halikuwa na pa kutokea. Friza lilikuwa zima, ila linakosa pumzi, na lisingeweza kuzima kwa sababu kazi lililopewa lilikuwa haliwezi kuimaliza. Nilipiga mswaki asubuhi nzima. Sikubadilisha hata skrubu.

Basi nikamtumia mdogo wangu ujumbe: “Weka mkono kwenye tundu la hewa sakafuni, angalia saa ya simu. Niambie ni baridi mwanzo mwisho, au kuna wakati inakuja moto.”

Alikaa karibu saa mbili bila kujibu na mimi nikajua amelala, au mtoto amezidiwa. Kumbe alikuwa amekaa sakafuni na mkono tunduni. Akasema: ilikuwa baridi muda mrefu sana, halafu kikasikika kishindo kidogo chini, ikaja moto kama dakika nne, halafu baridi tena, halafu moto kidogo, halafu baridi mpaka sasa.

Hapo nikawa nimeshamjua mgonjwa. Ndani ya tanuri, karibu na mabomba ya moto, kuna swichi ndogo ya usalama inayopima joto. Hewa ikipita kwa kasi yake, mabomba yanapozwa na mambo yanakwenda. Hewa ikiwa haba, mabomba yanapitiliza joto, swichi inafunguka, na ikifunguka mambo mawili yanatokea kwa pamoja: gesi inakatwa, na feni inaamriwa kuzunguka mpaka mabomba yapoe. Yakipoa, swichi inarudi, moto unawaka, joto linapitiliza, swichi inafunguka tena. Ikijirudia mara nyingi, tanuri la kisasa linagoma kabisa kwa saa moja au zaidi, moto hauwaki, feni inaendelea kupuliza baridi. Yaani ile feni aliyokuwa akiilaani ndiyo iliyokuwa inazuia mabomba yasipasuke. Na yakipasuka ndipo ile hewa isiyo na harufu inapopata njia ya kuingia vyumbani.

Ubaya ni kwamba yote haya ilibidi nimwelezee mtu aliyekuwa hajalala siku mbili. Nilimwuliza kwa nini asilale hata kidogo watoto wakilala. Akanyamaza, halafu akasema, “Kaka, kwa kelele hii sisikii nje.”

Watu wa Quiterajo hawahitaji maelezo hapa, na wa Mucojo na Pangane pia. Kwa wengine nitasema tu kwamba mwaka ule, kabla ya kukimbia, tulilala kwa sikio. Mbwa akibweka mara moja tulijua, akibweka mara tatu tulikuwa tumeshashika watoto. Waliochelewa kusikia hawakufika Paquitequete. Mdogo wangu anajua kabisa kwamba Winnipeg hakuna mtu anayetoka msituni. Ila sikio halijaambiwa. Usiku akiwa peke yake na watoto anataka kusikia theluji ikikanyagwa, na ile feni ilikuwa imemziba.

Nikamwambia basi, tuizime. Ubavuni mwa tanuri kuna swichi ya kawaida kama ya taa. Izime, hewa isimame, kisha fungua kile kijimlango chembamba upande ambao njia kubwa ya bati inaingilia, utakuta filta, fremu ya karatasi ngumu. Ivute. Kama kuna picha moja ya mwaka ule ningependa muione, ni hiyo. Ilikuwa imefanya manyoya ya kijivu, unene wa blanketi la msaada. Wapangaji waliotangulia walifuga paka. Ukiinyanyua kwenye taa, mwanga haupiti. Karatasi hiyo hubadilishwa kila miezi kadhaa, na hakuna aliyewaambia kwamba ipo. Walionyeshwa jiko, choo, funguo, wakapewa mkono wa karibu.

Sasa lile la pili. Nikamwuliza njia za hewa ziko ngapi na zimewekwa nini juu. Akaanza kucheka, mara ya kwanza. Sebuleni kuna tundu kubwa la wavu ukutani, chini, linavuta hewa badala ya kupuliza. Mtoto mdogo alikuwa analidumbukizia vijiko. Kwa hiyo mama wa watu akaliegemezea godoro la wageni. Na vyumbani, matundu mawili yametandikwa mkeka, kwa sababu, anasema, tundu la sakafuni usilolijua mwisho wake si jambo la kuacha wazi. Mama yangu aliposikia akasema amefanya vizuri, nyoka wako kila mahali. Nilimwambia kule nyoka wakati wa baridi wamelala ardhini. Akasema, “Ndiyo, ardhini ndiko bomba linakotoka.”

Ukiziba njia ya kuvutia hewa, na filta imeziba, na matundu ya kutolea umeyatandikia mkeka, tanuri liko kama lile friza lenye magunia. Nikamwambia godoro lihame, mikeka ihame, kwa vijiko tafuta akili nyingine. Filta mpya aliitafuta asubuhi kwa vipimo vilivyopigwa chapa kwenye fremu ya zamani, 16 kwa 25 kwa 1, inchi hizo. Nikamsisitizia mshale uliochorwa ubavuni uelekee kwenye tanuri, maana hewa ina upande wake. Usiku ule niliwaambia wakae na filta nje, tanuri limepoa, liwashwe kwa muda watoto wapate joto. Kwa usiku mmoja tu. Kuliendesha hivyo siku nyingi ni kulilisha vumbi.

Liliwaka. Feni ilizunguka, nyumba ikafika digrii 20, moto ukazima, feni ikasimama. Metuge tulipiga makofi, na yule mwenye mtandao akadai sasa simu yake ichajiwe bure mwezi mzima.

Ningeishia hapo ningekuwa nimewadanganya, kwa sababu baada ya siku mbili ilianza tena. Filta mpya, matundu wazi, na bado: moto kidogo, baridi, uuuuu. Alivunjika moyo kuliko mara ya kwanza. Nikamwambia sogea mbele ya tanuri, kuna kidirisha kidogo, ndani yake kuna taa inayokonyeza, hesabu inakonyeza mara ngapi, halafu nyuma ya mlango wa bati kuna karatasi yenye maana ya kila hesabu. Shemeji alikuwepo siku hiyo, Kiingereza chake kinatosha, akasoma: swichi ya kikomo cha joto imefunguka. Ileile. Sasa kama hewa inapita na bado inafunguka, uwezekano ni miwili mitatu: feni imechoka na haisukumi vya kutosha, au swichi yenyewe, kwa kufunguka na kufunga majuma mengi, imelegea na inafunguka kabla ya wakati wake. Hilo hulitibu kwa simu. Tena mimi ni fundi wa umeme mdogo; tanuri la gesi huko kwao hugusa mwenye leseni, na nakubaliana nao. Kuna watu wanaunganisha waya kuiruka swichi kama hiyo ili mambo yaende. Nimeona ikifanywa kwenye jenereta. Kwenye tanuri la gesi chini ya watoto waliolala, mtu huyo ningempiga.

Tatizo likawa mwenye nyumba. Walishamwandikia, akajibu waiache izunguke tu, atakuja wiki ijayo. Shemeji hakutaka kumsumbua tena. Anasema, sisi ni wageni, akikasirika atatutoa. Nilimwambia, “Shemeji, heshima yako naijua. Lakini kodi unalipa?” Akasema analipa tarehe moja, hajawahi kuchelewa. “Basi si hema la msaada hilo.” Akanyamaza kidogo. Nafikiri neno lile lilimwingia vibaya, na sikulirudisha. Mimi mwenyewe hapa nimekaa miezi na bomba la maji lililopasuka mbele ya safu yetu, nikiliruka kila asubuhi, kwa kuogopa kuonekana mlalamishi na jina langu liondolewe kwenye orodha. Sasa ninamfundisha mwenzangu ujasiri kutoka umbali wa bahari mbili.

Mwishowe mdogo wangu ndiye aliyempigia mama mmoja wa lile kundi la wadhamini, akamwekea simu mbele ya tanuri asikilize. Yule mama akampigia mwenye nyumba. Sijui alimwambia nini. Fundi alifika kabla ya magharibi. Alibadilisha swichi, kitu kidogo cha kukaa kiganjani, akaingiza kamera ya waya mrefu kukagua mabomba kama yana ufa, akasema hayana, akapima hewa, akaondoka. Mdogo wangu alinitumia picha ya swichi ya zamani. Nilimwomba ainihifadhie, naye akaniuliza ya nini. Ya kuiona tu.

Kitu kimoja kwenu mnaotugawia feni za sola, kwa kuwa mnasoma: zile hazina filta kabisa, na vumbi la Metuge linaingia moja kwa moja kwenye beringi. Ukiipaka tone la mafuta ya cherehani kila mwezi na kuipiga brashi, inaishi. Wengi wanaziacha mpaka zikwame halafu wananiletea. Sikatai, ni chakula changu, ila semeni mnapogawa.

Ijumaa ile mdogo wangu alituma ujumbe mwingine wa sauti, sekunde arobaini, bila neno. Nilimchezea mama. Inasikika feni inapuliza, inapungua, inapungua, inasimama. Halafu hakuna kitu mpaka mwisho.

Mama akasema, “Mbona hasemi?”

Nikamwambia anatusikilizisha kimya.

Akaishika simu, akaiweka sikioni. “Hebu rudisha,” akasema.